Nimemwangusha Baba Mkwe kwenye Catch ya Karatasi

Mama Consolée mpendwa, nakusalimu kwa heshima zote, naomba unisaidie na unijibu kwenye kipindi chako cha radio cha Ijumaa, usiniweke kwenye foleni ya wiki ijayo, maana Jumapili ikinikuta bila jibu sijui uso wangu nitauweka wapi. Mimi ni Bella, mama wa watoto wawili, fundi wa kushona hapa Songo, na kosa nililolifanya sijawahi kusikia mwanamke mwingine amelifanya Uvira nzima, kwa hiyo hata wa kumuuliza nimemkosa. Nimemwangusha baba mkwe wangu. Si kwa mikono, Mungu apishe mbali, nimemwangusha kwa mdomo, ndani ya mchezo, watu wakacheka na kupiga makofi, kumbe mwenyewe yupo pale amekaa.

Ngoja nianzie mwanzo usije ukaniona nimerukwa na akili. Unajua sisi watu wa hapa tunavyopenda catch, ile mieleka ya ulingoni, siku ya gala, yaani ya maonyesho yenyewe, wanamieleka wakipita barabarani na ngoma na vinyago vyao hata mgonjwa anatoka kitandani aone. Sasa mwaka jana mwalimu Étienne, yule anayeimba besi kwenye chorale yetu ya kanisani, alianzisha mchezo kwenye WhatsApp, tunauita catch ya karatasi, tuko wanane, na kila mmoja ni promoteur, yaani ana kampuni yake ya mieleka, ila kampuni yote imo ndani ya daftari. Unabuni wanamieleka wako kumi na wawili, unaandika kila mmoja kilo zake, anatoka wapi, anaingiaje ulingoni, pigo lake ni lipi, tabia yake ikoje, halafu Jumapili baada ya misa unatuma sauti ya dakika kumi ukitangaza gala yako kama mtangazaji wa radio, nani kapigana na nani na nani kashinda, unaamua mwenyewe, na wenzako saba wanapiga kura kusema gala ya nani ilikuwa tamu. Basi, hakuna cha pesa wala zawadi, ni sifa tu, lakini hiyo sifa, Mama Consolée, we acha.

Mwanzoni nilikuwa wa mwisho, tena wa mwisho wa mbali. Niliona kwamba mieleka ni nguvu, nikabuni majitu kumi na mawili, Kontena, Tingatinga, Jiwe, Baba Jiwe, Nyundo, wote kilo mia na thelathini kwenda juu, wote wananguruma, wote wanamwinua mtu na kumtupa chini. Jumapili ya kwanza Étienne akaniambia, “Bella, ma sœur, hii si liste ya wanamieleka, hii ni depo ya simenti. Nikishamuona wa kwanza nimeona wote.” Na Chance, huyu motard, dereva wa pikipiki, anayepaki pale karibu na soko, ambaye ndiye alikuwa anaongoza kila wiki, akatuma sauti ya kicheko tupu, anacheka tu, dakika nzima. Nililia, siwezi kukuficha.

Kesho yake nikakaa kwenye cherehani yangu mbele ya parcelle, kiwanja chetu, nikawa nashona huku natazama barabara, nikaona watu niliokuwa nawaona kila siku bila kuwaona. Nikafukuza majitu tisa, nikabakiza matatu maana wazito nao wanahitajika, nikaanza upya. Nikamweka Mama Ndagala, kilo hamsini na mbili, anayeingia na beseni la ndagala kichwani na kupigana mwanzo hadi mwisho bila kulishusha na hakuna samaki anayedondoka, nikamweka Karani, mwembamba wa miwani, hapigi mtu ngumi, anampiga muhuri kwenye paji la uso na kumwambia arudi kesho, nikaweka mapacha wanaopigana wao kwa wao hata wakishashinda, nikaweka motard wa kofia mbili, moja yake na moja ya abiria, nikamweka Alto, dada wa chorale, anayeshika noti moja ya juu mpaka mpinzani anaziba masikio, na hapo ndipo anamkamata miguu. Nikaweka na Mganga, maana catch ya kwetu bila mwenye dawa haijawa catch, ila kwenye kundi letu kuna katekista na alilalamika sana, tukakubaliana dawa za Mganga zisifanye kazi hata siku moja, na hiyo ndiyo iliyofanya apendwe, anamwaga unga, anazunguka, anaita majina ya ajabu, halafu anapigwa vizuri kabisa. Wa kumi na moja ni Radi, kijana wa kilo sitini anayekimbia juu ya kamba za ulingo. Ikabaki nafasi moja.

Hiyo nafasi ya mwisho nilimweka baba mkwe wangu. Jina lake siandiki, na unajua kwa nini, mimi ni Mfuliiru niliyeolewa kwa watu wa bonde la Ruzizi wanaosema Kirundi, na marehemu mama mkwe alinifundisha mwenyewe kabla hajafa: jina la baba mkwe halitoki mdomoni mwangu, mbele yake sili, kiti chake sikalii, nikimpa kitu natumia mikono miwili na macho chini, na nikiwa na neno la kumwambia namtuma mume wangu Niyongabo. Miaka tisa tunaishi hivyo na sijawahi kuona ni mzigo. Lakini mwanamume huyo, Mama Consolée, nimemsoma kama sala. Kabla ya kuingia ndani ya nyumba ananawa miguu, hata kama hajatoka mbali, hata kama nje ni jua. Suruali yake imekunjwa kila siku mpaka chini ya goti kwa mazoea ya shamba la mpunga, na ukimwambia jambo baya kiasi gani anajibu “nta kibazo”, hakuna shida, halafu anaenda kulitengeneza. Nilipougua baada ya kuzaa mtoto wa pili alitoka kwake Sange, kule bondeni, na baiskeli, na mguu wake wa kushoto ulikuwa umeshaharibika tangu alipoangukiwa na mti, akaweka kilo hamsini za mchele mlangoni, akamuuliza Niyongabo kama napumua vizuri, akarudi siku hiyo hiyo. Hakuingia, na mimi sikuweza kutoka kumwambia aksanti.

Basi nikambuni Mzee wa Matope. Kilo sitini na nane, anatoka bondeni. Anaingia bila muziki, suruali imekunjwa, ananawa miguu kwenye ngazi za ulingo, anasimama katikati. Haanzi kupiga. Wanamsukuma, hatikisiki, wanamvuta, hatoki, wanaruka juu yake, wanateleza kama wamepanda mti wenye utelezi, mpaka wanachoka wenyewe na yeye anawalaza chini polepole kama anapanda mche wa mpunga, halafu anawainua, anawapangusa vumbi, anawaambia “nta kibazo”. Kundi zima lilimpenda. Kura zikapanda, nikawa wa tatu, nikawa wa pili. Baba mkwe, ambaye siku hizi anakaa kwetu, akishatoka matembezini nilikuwa namtangaza Mzee kwa sauti mpaka jirani anasimamisha mashine yake anisikilize, na nakwambia ukweli, yale yote ambayo sikuwahi kumwambia baba mkwe nilikuwa nayasema pale.

Sasa hapo ndipo shetani alipopitia. Mwezi huu Étienne akaniambia, “Mzee wako ndiye bora kwenye kundi lote, lakini hashindwi. Tunajua mwisho kabla hujafungua mdomo. Mwangushe mara moja uone kura.” Chance alikuwa mbele yangu kidogo tu, fainali iko karibu, nikashikwa na tamaa. Nikampambanisha na Radi. Nikatangaza Radi anakimbia juu ya kamba, anashuka chini kama mshale, anamkamata Mzee wa Matope mguu wa kulia, anamzungusha, anamtupa nje ya ulingo, na Mzee anakaa pale chini kwenye vumbi na hakuna anayempa mkono. Nilipata kura saba kwa saba. Nikawa wa kwanza, nikaruka ndani ya nyumba kama mtoto.

Jioni akaja Pierre, mwenzetu wa kundi, mwenye kibanda cha kutengeneza simu hapa mtaani. Akaniambia alipiga ile sauti yangu kwenye spika kubwa pale kibandani, watu wamejaa, na baba mkwe wangu alikuwa kwenye benchi anasubiri radio yake itengenezwe. Alisikia yote. Sauti yangu anaijua, kunawa miguu ni kwake, “nta kibazo” ni ya kwake. Watu wakapiga makofi na mmoja akasema, “Ule muzee amekwisha!” Baba mkwe akasimama, akachukua radio yake ikiwa bado imefunguliwa mgongo, akaondoka.

Tangu siku hiyo ni wiki ya pili na nyumba yetu haina raha. Salamu anaitikia kwa kichwa. Jioni haongei na mwanawe, anakula haraka anaenda kulala. Amerudi kwa Pierre mara mbili, mara ya kwanza akauliza, “Nani alimuangusha ule muzee?” Pierre akamwambia, “Papa, minye naona ni muchezo tu,” yeye akauliza tena, “Alimushika ku mugulu gani?” Mara ya pili akauliza huo mchezo utarudi lini, Pierre akamwambia tumepumzika wiki moja, fainali ni Jumapili hii, tena si kwa simu, tutatangaza ana kwa ana pale kibandani. Kinachonitisha zaidi ni asubuhi. Mvua ikiwa imenyesha anatoka nyuma ya nyumba, anavua viatu, anasimama kwenye tope miguu imeachana, anabaki hivyo muda mrefu, mara anauinua mguu wa kulia kidogo, mara anaurudisha. Niyongabo anasema baba yake anasema na ardhi juu yetu na kwamba tutapata laana. Na juzi ametangaza kwamba Jumatatu asubuhi anarudi Sange, ingawa tangu mwaka juzi anakaa kwetu kwa sababu ya dawa za presha na kule hakuna wa kumwangalia.

Niyongabo amenipa amri nimfute Mzee wa Matope, nimrudishe hata Kontena, na huo mchezo niuache. Chance amekuja na lake, anasema kama Mzee ananiletea shida nimpe yeye, atanipa wanamieleka wawili wazuri badala yake. Nimemwendea shangazi Marie-Jeanne, dada yake baba mkwe anayekaa Kavimvira, nikalia mbele yake, yeye akacheka tu akasema ndugu yake tangu utoto hajui kushindwa. Sasa mimi nifanye nini, nimfute, nimpe Chance, nikapige magoti mbele ya mtu ambaye hata kumwita siruhusiwi, au ninyamaze aondoke? Akipanda gari Jumatatu akiwa na hasira na mimi, na kule akaugua, sitajisamehe.

Ni mimi Bella, fundi wa Songo.

*

Bella binti yangu, barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka mpaka fundi wa mitambo akagonga kioo kuniuliza kama naumwa. Mara ya pili nilikasirika. Mara ya tatu nilichukua kalamu nyekundu, na hiyo ndiyo iliyonisaidia, kwa hiyo kaa chini, zima cherehani, na mwite mume wako naye asikie.

Kwanza nikupe haki yako. Hiyo liste yako ni kazi ya mtu mwenye macho. Mimi nimeangalia catch tangu nikiwa msichana, nimewaona wengi wanaopanga gala za kweli, na wengi wao bado wako kwenye depo ya simenti mpaka leo. Wewe ulikubali kuambiwa ukweli, ulilia siku moja, ya pili ukafukuza majitu tisa, tena ukajua kubakiza matatu. Mwembamba atashindana na nani kama wazito wote wameondoka? Mwenye kelele umemwekea mkimya, mwenye mbio umemwekea asiyetikisika, na katikati umeweka mtu wa kuchekesha ambaye dawa zake hazifanyi kazi. Mama Ndagala nimempenda mno. Huyo Karani mimi binafsi nimeshakutana naye. Mtu anayeweza kukaa mbele ya nyumba yake akaona watu kumi na wawili wasiofanana si mtu wa kuambiwa aache mchezo, na hilo namwambia Niyongabo moja kwa moja.

Haya, sifa zimeisha. Sasa nakugombeza.

Weye Bella! Umechukua miguu ya mzee wa watu, umechukua suruali yake, umechukua na neno lake la mdomoni, ukavipeleka ulingoni bila kumwomba. Miezi yote ulipokuwa unamsifu hakusikia hata sentensi moja, na siku ya kwanza aliyosikia ndiyo siku uliyomtupa kwenye vumbi. Tena umemnyima hata mtu wa kumpa mkono! Yeye anawainua wote aliowaangusha, wewe umeandika hivyo kwa mkono wako, halafu zamu yake ilipofika ukamwacha amekaa chini. Kwa ajili ya kura saba. Huyu ndiye aliyekuletea mchele na mguu mbovu. Ona haya kidogo, ni dawa, haitakuua.

Ukishaona haya, futa machozi tusome barua yako pamoja, maana uliiandika wewe lakini naona hukuisoma. Unasema mzee amekasirika kwa kudharauliwa. Mtu aliyedharauliwa na mke wa mwanawe anafanya nini huko kwenu? Anamwita mwanawe, anawaita wazee wa ukoo, anadai kuombwa radhi kwa pombe. Amefanya hivyo? Hapana. Amekwenda kwa Pierre kuuliza nani alimwangusha. Hakuuliza nani alimtukana. Akauliza alishikwa mguu gani. Binti yangu, mguu wake mbovu ni upi? Ni wa kushoto, umeandika mwenyewe. Na wewe umemwangusha kwa wa kulia, mguu mzima, mguu uliosimama kwenye mashamba ya mpunga miaka hamsini! Hata mimi ningekataa. Ningechukua radio yangu na mgongo wake wazi nikaondoka.

Halafu anauliza mchezo utarudi lini. Halafu asubuhi anavua viatu, anasimama kwenye tope, miguu imeachana, anaupima ule mguu wa kulia. Na ninyi wawili mnachungulia dirishani mnatetemeka, laana, laana! Laana gani, Niyongabo? Baba yako anafanya mazoezi. Na hilo la safari ndilo lililonimaliza kabisa. Mzee mwenye hasira ya kweli angepanda gari siku ile ile, wala asingeangalia kalenda. Wako amechagua Jumatatu. Fainali ni Jumapili. Hesabu hiyo hata mtoto wa chekechea anaiweza. Shangazi Marie-Jeanne alikuelewesha bure kabisa, akacheka mbele yako, na wewe ukaendelea kulia tu.

Sisemi hakuumia. Aliumia, wale watu walicheka na yule mpumbavu mmoja akasema amekwisha, na mtu wa umri huo anayekaa kwa mwanawe kwa sababu ya presha neno hilo limemwingia. Ndiyo maana utaomba radhi. Lakini ujue unaomba radhi kwa nini. Si kwa sababu ulimweka kwenye liste. Ni kwa sababu ulimshusha bila haki, kinyume na ulivyomjua.

Sasa sikiliza, na ufanye kama ninavyosema, usiongeze chumvi yako.

Kumfuta, hapana. Ukimfuta Jumapili, na yeye amekaa pale kwenye benchi anasubiri, utakuwa umemwambia mbele ya watu kwamba kweli amekwisha. Kumpa Chance, hapana, tena hapana ya herufi kubwa. Chance ni promoteur mzuri, namwona, ila yeye anamtaka Mzee wa Matope kwa sababu anapata kura. Hajawahi kuletewa mchele na huyo mtu. Wanamieleka wawili wazuri utawaona barabarani wiki yoyote.

Magoti pia hapana. Mama mkwe wako alikufundisha adabu, usiivunje leo kwa sababu una haraka. Leo hii, baada ya kunisikia, nenda Kavimvira kwa shangazi Marie-Jeanne, chukua kidumu cha kasiksi, ile pombe ya ndizi mbivu, si ya chupa, mwombe awe mdomo wako. Kesho Jumamosi jioni aje kwenu, akae na kaka yake, na Niyongabo awepo. Wewe uko jikoni, mlango wazi, unasikia. Shangazi aseme mambo matatu na asizidishe. Aseme mke wa mwanao anaomba radhi kwa kukuangusha. Aseme anaomba ruhusa ya kuendelea kukutangaza, na ukikataa atakutoa kwa heshima, Jumapili atasema mbele ya watu kwamba Mzee wa Matope amerudi shambani kwake bila kushindwa na mtu, na yule Radi aliteleza. La tatu ndilo la maana: amuulize, akishikwa tena mguu wa kulia, anajitoaje?

Halafu mnyamaze. Mwacheni anywe. Mimi sitashangaa kama atasimama katikati ya sebule na kumwambia Niyongabo amshike huo mguu. Niyongabo, ukiambiwa ushike, shika, na ushike kweli, usimhurumie baba yako. Na wewe Bella uko jikoni na daftari, unaandika kila kitu, mkono uko wapi, kisigino kimekanyaga wapi. Jumapili utatangaza kile alichofanya, hivyo hivyo alivyofanya. Usimpe ushindi wa bure, ataujua. Radi amchoshe kweli, watu waogope kidogo. Wewe unajua kutangaza, sikufundishi.

Kura Jumapili zinaweza kwenda kwa Chance. Shauri yao. Na Jumatatu mzee anaweza kupanda gari akaenda kuangalia mpunga wake, ni haki yake, mfungie dawa za presha za wiki mbili na umwambie Niyongabo amuulize siku ya kurudi.

Neno la mwisho ni langu mwenyewe, na sikuwahi kulisema hewani. Mimi pia nilikuwa na baba mkwe. Nilimpikia miaka kumi na sita nikiwa na macho chini, na alikuwa mtu mwema kupita wote niliowajua, alinitetea kwa wanawe mara mbili na hakutaka nijue. Mema yake niliyasema kwa sauti siku moja tu, kaburini, kwenye kipaza sauti cha kukodi, watu wote wakalia, wakasema Consolée anajua kuongea. Yeye peke yake ndiye ambaye hakusikia. Wako yuko hai, ana masikio, na Jumapili atakuwa kwenye benchi la Pierre. Tangaza kwa sauti kubwa.